Herufi Nilizozifuta kwa Msasa

Mwaka wa kwanza nilioanza kushika fimbo za kuvulia za mianzi niliharibu moja ambayo hadi leo naiona nikifumba macho. Nilikuwa karakanani kwangu Gikomba, Nairobi, jua limeinama, msasa namba 120 mkononi. Fimbo yenyewe ilikuwa ya vipande vitatu, vanishi yake imepasukapasuka kama matope ya bwawa lililokauka. Juu kidogo ya mpini palikuwa na maandishi madogo ya wino mweusi, yaliyoandikwa na mtu mwenye mkono uliotulia, na karibu yake alama ya rangi ya dhahabu iliyofifia. Mimi ni fundi wa fanicha. Kabati likija na vanishi mbovu, dawa yake naijua: kwangua, piga msasa, paka upya. Nikasugua. Vumbi la rangi ya asali likaniangukia magotini, na maandishi yakaenda nalo.

Maneno mawili niliyasoma kabla hayajaisha: Hardy, na Alnwick. Hayakuniambia kitu. Nikaendelea kusugua.

Fimbo hizo zilitoka mtaa wa Karen. Mama mmoja alikuwa anauza nyumba ya wakwe zake, nyumba ya mawe ya zamani, akaniita nichukue viti vya kutengeneza. Nilipomaliza kupakia akanionyesha kona ya stoo, furushi la mifuko ya kitambaa iliyofungwa kwa utepe. "Fundi, beba na hizi kuni," akasema. Nilimpa shilingi elfu mbili, akashangaa kwamba natoa pesa kwa kitu kama hicho. Ndani mlikuwa na fimbo saba. Nilivutiwa na wepesi wake na jinsi viungo vilivyoingiana. Hata bila kujua ni nini, mtu wa mbao anatambua kazi iliyofanywa na mtu wa mbao mwenzake.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja aliyekuja kuchukua stuli yake wiki hiyo hiyo. Ujana wake aliupitisha Nyeri akiwabebea wavuvi mifuko kwenye mito ya Thego na Sagana, baadaye akafanya kazi kwenye mabwawa ya samaki aina ya trauti kule Kiganjo hadi alipostaafu. Aliona fimbo zangu ukutani, akasahau stuli. Akaichukua ile niliyoisugua, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa mlango, akapitisha kidole gumba pale juu ya mpini.

"Kijana wangu, hapa palikuwa na maandishi."

"Ndiyo, mzee. Nimeyasafisha."

Akanyamaza kitambo. "Hukusafisha. Umeikata ulimi."

Akaketi. Nadhani aliona uso wangu, maana sauti yake ilibadilika, akawa kama mtu anayefundisha mjukuu. Akaomba kipande kingine kilichokuwa kimevunjika, akaniambia nihesabu kwenye mvunjiko. Nilihesabu fito sita, kila moja ya pembe tatu, ncha zao zimekutana katikati kama vipande vya chungwa. Mwanzi ninaoujua mimi una uwazi ndani. Huu haukuwa na uwazi wowote. Ulikuwa umepasuliwa, ukarandwa, ukagundishwa upya hadi ukawa ufito mmoja mgumu wenye pande sita. Nikaleta kioo cha kukuza. Kwenye mvunjiko palikuwa na nukta nyingi nyeusi, zimesongamana upande wa nje karibu na ganda, zikizidi kutawanyika kadiri unavyoingia ndani. Nukta hizo ndizo nyuzi za nguvu za mwanzi. Ndiyo maana mtengenezaji wa fimbo huranda pande mbili za ndani peke yake. Upande wa ganda hukwanguliwa ngozi yake ya juu kabisa na kuachwa. Mimi msasa wangu ulipita pale pale penye ganda. Nilikuwa nimefuta jina la fimbo na kula nguvu zake kwa wakati mmoja.

Siku hiyo nilifunga karakana mapema.

Kwa muda mrefu nilijiuliza vitu hivi vilifikaje Nairobi kwa wingi namna hii, maana tangu nianze kutafuta nimevikuta kwenye masoko ya Ngara na Toi, kwenye minada, hata kwa muuza vyuma chakavu. Jibu liko milimani. Mito ya Aberdare na Mlima Kenya haikuwa na trauti. Mwaka 1905 Ewart Grogan, mlowezi aliyejulikana sana mjini hapa, alileta mayai ya trauti kutoka Scotland, na vifaranga vikawekwa kwenye mto Gura. Samaki wakashika. Baada ya hapo kila mlowezi aliyependa kuvua kwa nzi wa bandia akawa na sababu ya kuja na fimbo yake kutoka Uingereza au kuagiza nyingine. Watu waliondoka, wengine walizikwa hapa, fimbo zikabaki kwenye stoo za Karen, Lang'ata na Limuru, juu ya kabati, nyuma ya mlango, mara nyingi karibu na mwavuli mbovu.

Mzee alinifundisha kuanza na swali ambalo wengi hulipita: je, ni mwanzi kweli? Kati ya zile saba, mbili hazikuwa za mwanzi. Zilikuwa za mti mzito sana, wa mviringo, rangi ya kahawia iliyoiva, hazina fundo hata moja wala mshono. Huo ni mti unaoitwa greenheart, kutoka Guyana, uliotumika sana Uingereza kabla mwanzi haujashika soko, na kwa baadhi ya wavuvi hata baada ya hapo. Fimbo ya mti wa namna hiyo ukiishika mbele ya mtu asiyejua atakuambia ni mwanzi kwa sababu ya rangi. Pitisha ukucha kuizunguka. Mwanzi wa fito una kingo sita ambazo ukucha unazihesabu gizani, na kila baada ya umbali fulani kuna kovu la fundo ambalo randa haliwezi kulimaliza.

Makovu hayo nayo yanasema. Fundo ndilo sehemu dhaifu ya mwanzi. Mtengenezaji makini huzipishanisha fito ili mafundo yasikutane mahali pamoja. Ukikuta mafundo sita yamejipanga duara kama mkanda kiunoni, umeshika kazi ya haraka. Hilo halikupi mwaka, lakini linakuonya usiamini haraka jina kubwa lililobandikwa juu yake.

Kazi hii ya kupasua na kugundisha haina umri mkubwa sana. Anayetajwa kwa kuianzisha Marekani ni Samuel Phillippe wa Easton, Pennsylvania, miaka ya 1840, fundi wa bunduki aliyetengeneza pia fidla. Nilipolijua hilo nilifurahi kama niliyekutana na jamaa. Mtu aliyezoea kugundisha mbao nyembamba za fidla ndiye angewaza kufanya hivi. Miaka ya 1870 Hiram Leonard wa Maine akaja na mashine ya kukata zile pembe, na fimbo za fito sita zikaanza kutoka kwa wingi. Kwa hiyo mtu akikuletea fimbo ya fito na kuapa ni ya mwaka 1800, mpe kiti anywe chai, lakini usimpe pesa.

Mwanzi wenyewe nao una tarehe zake. Nilidhani umetoka misitu yetu ya Aberdare. La. Mwanzi uliotumika kwa karibu fimbo zote nzuri za karne ya 20 hutoka mkoa wa Guangdong, China, na wauzaji waliuita Tonkin. Mtaalamu wa mimea F. A. McClure aliupa jina la kisayansi mwaka 1931, Arundinaria amabilis, na hilo neno la pili maana yake ni wa kupendeza. Kabla ya Tonkin walitumia mwanzi wa India, ulioitwa Calcutta, na mara nyingi ulikuja ukiwa na madoa ya kuunguzwa. Ukikuta fimbo nzee yenye madoa meusi yasiyo na mpango, huenda ni huo. Lakini tulia hapo. Viwanda vingine baadaye viliunguza mwanzi wa Tonkin kwa makusudi ili upate rangi, na madoa ya makusudi kwa kawaida yana mpangilio. Mwezi wa Desemba 1950 Marekani ilizuia bidhaa za China, na watengenezaji wa huko wakakosa mwanzi mpya kwa takriban miaka 20. Waingereza hawakufungiwa mlango hivyo, ndiyo sababu fimbo nyingi nzuri za Kiingereza zilizoko hapa Nairobi zinaweza kuwa za miaka ya 50 na hata 60, wakati ambapo fimbo za nyuzi za kioo zilikuwa tayari zimejaa madukani.

Mwanzi peke yake si ushahidi wa uzee, na inaniuma ninapoona watu wakiuziana fimbo ya 1960 kwa bei ya fimbo ya 1900.

Sasa uzi. Hapa ndipo napenda kukaa.

Shika fimbo nzee kwenye dirisha la asubuhi uitazame kutoka mpini hadi ncha. Utaona kila pete ya kupitishia mshipi imefungwa kwa uzi. Hiyo ni lazima kwa fimbo yoyote. Lakini kati ya pete na pete, kwenye fimbo nyingi za zamani, utakuta mafungo mengine madogo ya uzi, kila baada ya vidole viwili vitatu, hayashiki kitu chochote. Nilipoyaona mara ya kwanza nilidhani ni mapambo. Kumbe ni hofu ya mtengenezaji kuhusu gundi yake. Gundi ya enzi hizo ilichemshwa kutoka kwa ngozi na mifupa ya wanyama. Inashika vizuri sana ikiwa kavu, lakini unyevu ukiingia inalainika, na fimbo ya kuvulia inaishi majini. Ule uzi ulikuwa mkanda wa kuzuia fito zisiachane gundi ikishindwa. Zilipokuja gundi za viwandani zisizoogopa maji, kuanzia miaka ya 1930 na hasa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mafungo ya katikati yakaanza kupungua, kisha yakatoweka. Fimbo yenye mafungo yaliyosongamana ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya kabla ya hapo. Nasema uwezekano, kwa sababu wateja wengine walizoea sura ile na watengenezaji wakaendelea kuwapa.

Kisha uzi wenyewe ni wa nini? Mzee alinionyesha kwa kiberiti. Alichomoa unyuzi mfupi kwenye pete iliyokuwa imelegea, akaushika kwa koleo, akauwasha. Ukaungua polepole, ukatoa harufu ya nywele zilizoungua, ukaacha majivu yanayosagika. "Hariri," akasema. Akachukua uzi kutoka pete nyingine ya fimbo hiyo hiyo, akauwasha. Huo ulijikunja, ukayeyuka, ukawa kitone kigumu cheusi. "Nailoni." Nailoni ilitangazwa mwaka 1938. Kwa hiyo pete ile ya pili ilifungwa baada ya hapo, ama fimbo nzima ni ya baadaye, ama fundi fulani aliitengeneza. Ukikuta pete tisa za hariri na moja ya nailoni, jibu liko wazi. Ukikuta zote za nailoni, sasa una kazi: tazama ukingo wa vanishi chini ya uzi, mara nyingi kuna kivuli cha mafungo ya zamani, mstari mwembamba ambapo rangi ya mwanzi inabadilika.

Tangu siku ile sivuti uzi kwenye fimbo ya mtu bila ruhusa, na hata nikiruhusiwa natafuta ule ambao tayari umekatika.

Pete ya kwanza karibu na mpini, na ile ya nchani, kwenye fimbo za gharama za zamani zina duara la jiwe ndani, akiki, la rangi ya chai au nyekundu ya damu ya mzee. Jiwe hilo liliwekwa ili mshipi wa hariri usilike kwa kusuguana na chuma. Linapendeza, lakini likiwa na ufa usioonekana linakata mshipi kama wembe. Mimi napitisha soksi ya nailoni ya mama watoto. Ikikwama, pana ufa.

Viungo sisi mafundi tunaviita dume na jike, na sioni jina bora zaidi. Vya bei nafuu ni vya shaba ya njano. Vya kazi nzuri ni vya mchanganyiko mweupe wa shaba, nikeli na zinki, ambao watu huuchanganya na fedha. Kwenye fimbo nzee zaidi, za karne ya 19, utakuta dume lina mkia mwembamba chini yake unaoingia kwenye tundu refu. Baadaye mkia uliachwa, kiungo kikashika kwa kubana kwa usahihi wake peke yake. Kiungo kizuri kilichohifadhiwa vizuri ukikichomoa kinatoa mlio, po!, kama chupa inayozibuliwa. Nikiusikia mlio ule nafurahi siku nzima.

Lakini kuchomoa ni pa kuvunjia moyo. Mzee alinizuia nilipotaka kuzungusha kiungo kilichokwama. Ukizungusha, nguvu yote inakwenda kwenye fito na zinaachana kutoka ndani bila wewe kuona. Alikaa kwenye stuli yake, akapitisha fimbo nyuma ya magoti, akashika pande mbili za kiungo kwa mikono karibu na miguu, kisha akafungua magoti polepole. Mikono haikuvuta hata kidogo. Magoti yakafanya kazi, kwa mstari ulionyooka, na kiungo kikatoka. Baada ya hapo ndipo akaniambia kwamba Hardy, watengenezaji wa ile fimbo niliyoisugua, walikuwa na viungo vya kujifunga, ambavyo ni lazima uvizungushe kidogo kwanza ili kijipini kitoke kwenye mfereji wake. Kwa hiyo kabla ya kuvuta, tazama kama kuna kijipini. Nimekutana na kiungo cha aina hiyo kimepasuka kwa sababu mtu alivuta bila kutazama.

Sasa nirudi kwa jina nililolifuta. Hardy walianzisha biashara Alnwick, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1872. Fimbo zao za mwanzi waliziita Palakona. Nilipokuja kupata nyingine ya kwao yenye maandishi kamili, niliikalia jioni nzima na tochi. Palikuwa na jina la aina ya fimbo, urefu wake, namba ya kiwanda, na maneno kwamba hao ni watengenezaji wa Mfalme George wa Tano. Lakini kabla ya jina la mfalme palikuwa na neno moja dogo: marehemu.

George wa Tano alifariki tarehe 20 Januari 1936. Neno lile likanipa ukuta. Fimbo hii haiwezi kuwa imeandikwa kabla ya tarehe hiyo. Ukuta wa upande mmoja tu, maana mfalme akishakufa anabaki marehemu miaka yote inayofuata, na kiwanda kinaweza kuendelea kutumia maandishi hayo muda mrefu. Hata hivyo, kwa mtu aliyekuwa hana chochote, ukuta mmoja ni nyumba nusu. Mwanawe, George wa Sita, alifariki tarehe 6 Februari 1952, binti yake Elizabeth akiwa hapa kwetu, usiku huo amelala hoteli ya Treetops kule Aberdare. Habari ilimfikia Sagana Lodge, kando ya mto ule ule ambao mzee wangu alibebea watu mifuko. Siwezi kutazama maandishi ya wafalme kwenye fimbo bila kukumbuka hilo.

Nilifikiria sana fimbo niliyoisugua. Huenda neno lile lilikuwepo. Huenda palikuwa na namba, na kwa namba hiyo mtu mwenye orodha angenipa mwaka. Leo naweza kusema ni ya Hardy kwa sababu nilisoma kwa macho yangu, lakini mnunuzi ana neno langu tu, na neno langu si maandishi.

Kwa sababu hiyo nilikuwa mwepesi wa kuamini maandishi yoyote niliyoyaona baadaye, na hilo likanigharimu. Kwenye mnada mmoja hapa mjini nililipa shilingi elfu kumi na nane kwa fimbo yenye stika ya jina kubwa la Kiingereza. Nyumbani nikaiinamisha kwenye taa. Stika ilikuwa juu ya vanishi. Ya kiwanda hukaa chini ya vanishi; ukucha ukipita juu yake hausikii kitu. Hii ukucha wangu uliigonga kama kingo ya karatasi. Nikatazama mafundo, yamejipanga duara. Uzi mwekundu na wa manjano kwa zamu, mwingi kupita kiasi. Kisanduku chake cha mbao laini kilikuwa na karatasi ndogo ndani ya kifuniko, imekwaruzwa lakini si yote, na kwa kioo nikasoma maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba imetengenezwa Japani iliyokaliwa. Japani ilikuwa chini ya majeshi ya Marekani na washirika wake hadi Aprili 1952. Kwa hiyo nilikuwa na fimbo ya Kijapani ya miaka michache baada ya vita, iliyobandikwa jina la watu wengine. Kati ya fimbo zangu zote, hiyo ndiyo ninayoweza kuitaja umri wake kwa uhakika zaidi, kwa sababu ya kipande cha karatasi ambacho mdanganyifu hakumaliza kukikwangua.

Kuna jambo la vanishi ambalo nusura linirudishe kwenye kosa la kwanza. Moja ya zile saba haikuwa na vanishi kabisa, rangi yake ya kahawia iliyokolea, kama iliyopakwa mafuta ya kahawa. Nilidhani mtu ameikwangua, nikafungua kopo. Mzee akanishika mkono. Kuna fimbo ambazo mwanzi wake ulinyweshwa utomvu wa kiwandani hadi ndani, haihitaji vanishi maisha yake yote. Orvis wa Vermont walifanya hivyo baada ya Vita vya Pili, na Sharpe's wa Aberdeen walijulikana kwa kazi hiyo. Ukiipaka vanishi unafunika dalili yenyewe ya umri wake. Nikafunga kopo.

Urefu nao pima, kila mara. Vipande vya fimbo moja kwa kawaida vilitengenezwa sawa. Weka kando kwa kando sakafuni. Kimoja kikipungua vidole vitatu, kilivunjika nchani na mtu akahamisha pete. Fimbo nyingi za vipande vitatu ziliuzwa na ncha mbili, moja ya akiba, na ukikuta ncha moja fupi na nyingine nzima unajua ipi ilikuwa kipenzi.

Mwezi wa nne mwaka huu alikuja mama mmoja kutoka Nyeri, amepanda matatu na fimbo ndani ya mfuko wa kitambaa, ameishika kati ya magoti safari nzima. Baba yake alifanya kazi kwa mlowezi mmoja, na mlowezi alipoondoka baada ya uhuru alimwachia fimbo hiyo. Baba alikuwa amezikwa mwezi uliotangulia. Hakutaka kuuza. Alitaka kujua imeanza lini.

Nilifagia meza, nikatandika kitambaa, nikaitoa. Futi tisa, vipande vitatu na ncha mbili, moja imepungua inchi mbili. Fito sita, mafundo yamepishanishwa vizuri. Mafungo ya katikati mengi, ya hariri, yamekuwa karibu uwazi kwa vanishi. Pete moja ya nailoni. Akiki nzima. Maandishi chini ya vanishi, na neno marehemu mbele ya jina la mfalme. Ndani ya mfuko mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, leseni ya kuvua samaki ya mwaka 1949. Mama akashika karatasi ile akasema, "Basi ni ya 1949." Nikamwambia, "Mama, karatasi inasema umri wa karatasi. Inawezekana iliingia humu kutoka mfuko wa koti." Kisha nikamweleza: baada ya Januari 1936, kwa neno hili. Kwa uzi huu na wingi wa mafungo haya, mimi naiweka karibu na mwaka huo kuliko mbali nao. Leseni inakubaliana nami, lakini sitaki kuiegemea.

Alikubali. Kisha nikaona kitu ambacho zamani ningekiondoa bila kuuliza. Juu ya mpini, inchi kumi hivi kutoka mwisho wake, palikuwa na fungo la uzi mwekundu wa cherehani, nene, limefungwa vibaya, halina vanishi. Si la kiwanda. Si hariri. Halishiki pete. Mkono wangu ulishafika kwenye koleo.

"Huo usiuguse," mama akasema. "Ni wa baba. Akimshika samaki alimlaza hapa, mkia mwisho wa mpini. Asipofika kwenye uzi, anarudi mtoni. Sisi watoto tulikuwa tunaangalia tukiomba afike."

Nikaweka koleo chini. Nikachukua daftari langu, chini ya mafungo ya hariri na pete ya nailoni nikaandika: uzi mwekundu wa cherehani, inchi kumi, kipimo cha samaki, baba. Mama akaniomba nimpe kipande cha karatasi yenye maneno yale yale, akakikunja mara nne, akakitia mfukoni mwa fimbo pamoja na leseni.